Umeibiwa dukani na kamera imeona kila kitu? Fanya haya kabla ushahidi haujapotea

Wenye maduka wengi wanaamini wakishakuwa na video ya mwizi basi kazi imekwisha, polisi wataiangalia, watamkamata, habari imeishia hapo. Mimi kazi yangu ni kuchambua picha na video zinazoletwa kama ushahidi, na sehemu kubwa inatoka madukani, sasa naomba niseme ukweli ambao unaniuma kila mara: video nyingi zinatufikia zikiwa tayari zimeharibika thamani yake, na sio kwamba kamera ilikuwa mbovu, hapana, ni kwa sababu ya kilichofanyika au kisichofanyika pale dukani ndani ya saa chache za mwanzo. Kamera unayo, tukio limerekodiwa, mtu anaonekana, halafu kesi haisogei. Inauma sana, hasa kwa mtu mwenye duka dogo ambaye kila bidhaa iliyoondoka ni hela yake ya mfukoni.

Kwanza tuelewane polisi na mahakama wanatafuta nini. Ili wizi uthibitike, kwa kawaida inabidi ionekane kwamba kitu kilikuwa mali ya duka, kwamba mtu huyu na sio mwingine ndiye aliyekichukua, kwamba hakulipa wala hakuruhusiwa, na kwamba alikusudia kuondoka nacho jumla. Yote hayo kwa pamoja. Sasa wewe unaleta kipande cha sekunde 20 kinachoonyesha mtu anaingiza kitu kwenye begi. Hicho kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna kitu kimeingia kwenye begi. Wakili wake atauliza, mna uhakika hakukitoa baadaye akakirudisha kwenye shelfu? Hakulipia kaunta nyingine? Na hicho kitu mnajuaje ni cha duka, labda alikuja nacho kutoka nyumbani? Na wewe hapo huna jibu kwa sababu dakika 10 zilizofuata hukuzisevu na sasa zimeshafutika.

Kwa hiyo unapotafuta video usitafute ile sehemu ya "utamu" peke yake. Tafuta safari nzima: anaingia mlangoni, anafika kwenye shelfu, anachukua, anaficha, anapita kaunta bila kulipa, anatoka. Kamera zote zilizomuona, hata ile unayodhani haina maana, kwa sababu mara nyingi uso mzuri haupo kwenye kamera iliyoona wizi, upo kwenye kamera ya mlangoni alipokuwa anaingia ametulia anaangalia mbele. Anza kusevu walau dakika kadhaa kabla hajaingia na uendelee mpaka baada ya kutoka, huenda kuna mwenzake alikuwa anamsubiri nje au gari limesimama pembeni na namba zake zinasomeka.

Na hapa ndipo muda unapokuwa adui. Mashine ya kurekodi haitunzi video milele, diski ikijaa inaanza kuandika juu ya video za zamani, yaani zile za mwanzo zinafutika kimya kimya bila kukuuliza. Tupige hesabu kidogo. Kamera moja ikirekodi muda wote kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu GB 43 kwa siku. Ukiwa na kamera 8 za namna hiyo ni kama GB 345 kwa siku, kwa hiyo diski ya TB 2, yaani kama GB 2,000, haimalizi hata wiki. Wewe unafikiri una mwezi mzima kwa sababu fundi aliyefunga alisema hivyo, kumbe alipoongeza kamera mbili na kupandisha ubora wa picha ule mwezi ukawa siku chache. Leo hii ingia kwenye mashine yako uangalie video ya zamani kabisa iliyopo ni ya tarehe gani, hilo ndilo jibu la kweli, sio maneno ya fundi. Na siku ya tukio usisubiri polisi waje ndio usevu, sevu siku hiyo hiyo.

Sasa kuripoti kwenyewe. Kama mwizi bado yupo ndani, au ana silaha, au ametishia mtu au kuna aliyeumia, piga namba ya dharura hapo hapo na kitu cha kwanza useme ni hicho, kwamba kuna hatari, halafu mahali mlipo, mambo ya bidhaa gani yatafuata baadaye. Kama ameshaondoka na hakuna aliyeumia, toa taarifa kituoni au kwa njia ya kawaida inayotumika unapoishi, simu au fomu ya mtandaoni kama ipo, lakini iwe siku hiyo. Andaa vitu hivi kabla hujapiga: jina la duka na mahali lilipo kwa namna ambayo mgeni atafika, saa ya tukio, nini kimechukuliwa, mtu anafananaje, ameelekea wapi na kwa usafiri gani, na kama kuna kamera. Kwenye kumuelezea mtu anza juu kushuka chini, kichwani alivaa nini, nywele, uso, shati, alichobeba, suruali, viatu. Viatu watu wanavisahau sana, na hali mtu anaweza kuvua koti na kofia akitembea hatua chache tu lakini viatu habadilishi kirahisi.

Ukimaliza hakikisha umepewa namba ya taarifa yako, wengine tunaiita RB wengine OB, na jina la askari aliyeipokea. Bila hiyo namba chochote utakachopeleka baadaye kitakuwa kinaelea tu, hakuna anayejua ni cha kesi ipi.

Kuna kitu kingine kinafanyika karibu kila duka na kinaharibu kweli. Tukio likitokea wafanyakazi wote wanakusanyika kwenye skrini, wanarudisha video mara kumi, kila mtu anachangia, "si unaona, ni yule yule wa juzi". Baada ya hapo ukimuuliza keshia aliona nini, hawezi tena kutenganisha alichokiona kwa macho yake na alichokiona kwenye skrini au alichosikia kwa mwenzake. Hajadanganya, ndivyo kumbukumbu ya binadamu ilivyo. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari kisha wakawauliza spidi, walioulizwa kwa neno lenye maana ya kugongana kwa kishindo walitaja spidi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno lenye maana ya kugusana tu. Filamu ile ile, neno moja tu limebadilika. Sasa fikiria mtu amesikiliza wenzake nusu saa nzima.

Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuangalia video, kila aliyeona kitu akae pembeni aandike mwenyewe, kwa maneno yake, alikuwa amesimama wapi, umbali gani, aliona nini, alisikia nini, kisha aweke saa, tarehe na sahihi. Haijalishi mwandiko mbaya wala makosa ya lugha. Aandike alichoona na sio alichohitimisha: "aliweka boksi ndani ya koti akafunga zipu" ni ushahidi, "alikuwa anaonekana mwizi tu" sio ushahidi wa chochote na mahakamani itawageukia.

Turudi kwenye video kwa sababu hapa ndipo penye makosa mengi zaidi. Kosa namba moja ni kurekodi skrini kwa simu. Naelewa kwa nini mnafanya, ni haraka na mashine yenyewe menyu zake zinachanganya, na kama polisi wapo barabarani wanamtafuta mtu muda huu basi sawa, picha ya simu inaweza kuwasaidia kumtambua. Lakini hiyo isiwe ndio ushahidi. Ukirekodi skrini unapata mwanga unaorudi, mistari, mkono unatetemeka, na ubora unashuka kiasi kwamba sisi tukitaka kukuza uso au namba ya gari hakuna cha kukuza. Halafu ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa tena, na zile taarifa za ndani ya faili zinazosema imerekodiwa lini zinapotea nyingi. Utaletewa malalamiko kwamba video imechezewa na huna cha kujibu.

Njia sahihi ni kutoa faili lenyewe kwenye mashine, kwa umbo lake la asili, hata kama ni umbo la ajabu ambalo kompyuta ya kawaida haifungui. Mashine nyingi zinakuuliza kama unataka AVI au MP4 au umbo la kampuni yenyewe, chukua lile la kampuni iliyotengeneza mashine, na kama inatoa na programu ndogo ya kulifungulia ichukue pia uiweke humo humo. Ukipenda toa na MP4 ya kuangalizia, lakini la asili lazima liwepo. Usikate, usiongeze duara jekundu, usiongeze mwanga, usiondoe sauti. Kazi ya kusafisha picha tuachie sisi, tukifanya tunaandika kila hatua ili mtu mwingine aweze kuirudia akapata matokeo yale yale, ndio maana inakubalika.

Fleshi iwe mpya au iliyofutwa kabisa, sio ile yenye miziki na picha za harusi, kwanza kuna virusi na pili hutaki maisha yako binafsi yawe sehemu ya jalada. Faili likigoma kuingia na fleshi ina nafasi tele, mara nyingi tatizo ni kwamba imefomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, ifomati kwa exFAT kama mashine yako inaikubali, au toa video kwa vipande vya muda vinavyofuatana bila kuacha pengo.

Saa! Naomba hili ulishike kwa mikono miwili. Saa za mashine za kamera zinakosea sana, zingine kwa dakika, zingine kwa saa nzima, na zingine umeme ukikatika na betri yake ya ndani imekufa zinarudi miaka ya nyuma huko. Video ikisema saa 8:14 mchana na mashine ya mauzo inasema keshia alihudumia saa 8:31, upande wa pili watasema hivi ni vitu viwili tofauti. Dawa yake ni rahisi: siku ya kutoa video, fungua skrini ya mashine inayoonyesha saa yake, weka simu yenye saa ya mtandao pembeni, piga picha zote mbili zionekane pamoja, na uandike "mashine iko nyuma kwa dakika 17" au vyovyote ilivyo. Usiirekebishe kwanza! Watu wakigundua saa imekosea wanakimbilia kuiseti upya halafu ndio wanatoa video, na hapo umepoteza uwezo wa kueleza tofauti. Toa video, andika tofauti, ndipo urekebishe.

Tengeneza nakala mbili, moja ya polisi na moja ya kwako ambayo hutaigusa. Kama una mtu anayejua kompyuta mwambie achukue hashi ya faili, SHA-256, ni mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao ni kama alama ya kidole ya faili lile, ikibadilika hata nukta moja ndani ya video mstari mzima unakuwa mwingine. Ukiuandika siku hiyo kwenye karatasi na kusaini, baada ya mwaka mtu akidai video imebadilishwa tunapiga hashi tena mbele yake. Kama huna mtu huyo usikate tamaa, sio lazima, ila karatasi ya mnyororo wa ushahidi ni lazima: nani alitoa video, kutoka mashine gani, kamera namba ngapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, tarehe gani aliitoa, akaiweka wapi, akamkabidhi nani, na huyo aliyepokea akasaini. Karatasi moja ya kawaida inatosha. Aliyetoa video ajue kwamba huenda ataitwa kueleza alivyoitoa, kwa hiyo awe mtu wa kudumu, sio kijana wa likizo ambaye mwezi ujao hapatikani.

Polisi wakitaka kuchukua mashine nzima wana sababu zao, lakini omba hati ya kukiri kupokea yenye namba ya utambulisho ya kifaa (serial number). Wakikutumia linki ya kupakia video, ambayo sasa hivi sehemu nyingi ipo, hakikisha kwanza ni yao kweli kwa kupiga kituoni kwa namba unayoijua wewe na sio namba iliyokuja kwenye hiyo meseji, matapeli wameshajua kwamba mtu aliyeibiwa yuko tayari kubonyeza chochote.

Video haiendi peke yake. Toa kwenye mashine ya mauzo orodha ya miamala ya muda ule, kuanzia alipoingia mpaka alipotoka, ili ionekane kwamba bidhaa ile haikuuzwa. Weka ankara ya kununulia bidhaa, namba ya bidhaa, serial number kama ipo, na hesabu ya stoo ya mwisho. Bei andika ile iliyokuwa kwenye shelfu siku ile. Kuna watu wanaongeza kidogo wakidhani kesi itakuwa nzito au bima italipa zaidi, tafadhali usifanye hivyo, nchi nyingi aina ya kosa inategemea thamani na ikigundulika umedanganya kwenye bei hakuna atakayekuamini kwenye mengine, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa.

Vitu alivyoacha pia vina habari: maboksi matupu, kidude cha usalama kilichokatwa, begi alilotupa, kofia iliyodondoka. Usivifagie. Piga picha vikiwa pale pale, kwanza kwa mbali halafu kwa karibu, zungushia eneo watu wasipite, na kama lazima uvitoe vaa glavu safi uviweke kwenye bahasha ya karatasi, kila kitu na bahasha yake. Karatasi ni bora kuliko nailoni kwa vitu vyenye unyevu, nailoni inatunza maji na alama zinaoza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalibeba moyoni. Ukimkamata mtu, sheria sehemu nyingi inaruhusu raia kumshikilia anayefanya kosa mbele yake, lakini mipaka yake ni midogo na inatofautiana, na kwa kawaida inakwenda na sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Haikupi ruhusa ya kumpiga, kumvua nguo, kumfungia stoo kwa muda wa saa tatu, kumlazimisha kuandika kwamba ameiba au kumpiga picha amebeba bango. Watu wamekufa kwa vipigo vya namna hiyo kwa kitu ambacho thamani yake haifiki hata chakula cha siku, na wengine hawakuwa wameiba. Maungamo ya mtu aliyepigwa hayana kazi mahakamani, na ile kamera yako uliyoinunua kumnasa mwizi itakuwa ushahidi dhidi yako. Kama ni mtoto ndio kabisa, kaa naye mahali pa wazi akiwa na mtu mzima mtulivu, waite wazazi na polisi. Na usimkimbize mtu barabarani, hakuna bidhaa inayolingana na maisha ya mfanyakazi wako.

Kuhusu kurusha picha kwenye magrupu na mitandaoni, "mjue huyu mwizi, akija kwenu mshikeni", najua hasira inavyokuwa. Lakini fikiria kama umekosea mtu. Huko Detroit, Marekani, Januari 2020 mwanaume mmoja alikamatwa nyumbani kwake mbele ya mke na watoto wake kwa wizi wa saa za mkononi dukani uliotokea mwaka 2018. Polisi waliiingiza picha hafifu ya kamera ya duka kwenye mfumo wa kutambua nyuso, mfumo ukamtoa yeye, halafu mtu wa usalama aliyeombwa kuthibitisha hakuwepo siku ya tukio, alikuwa ameiona video tu kama wewe na mimi, akanyoosha kidole kwenye picha yake. Alikaa mahabusu zaidi ya siku nzima na hakuwa yeye. Mwaka 2024 jiji likamalizana naye nje ya hukumu baada ya yeye kulishtaki. Hayo yalitokea mikononi mwa polisi wenye mitambo, sembuse grupu la WhatsApp lenye watu 200 wenye hasira.

Isitoshe sura ya mtu ni taarifa binafsi. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya kulinda taarifa iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, na nchi nyingi duniani zina sheria za mwelekeo huo huo. Kwa ujumla hazikuzuii kuwapa polisi video kwa ajili ya uchunguzi wa kosa, ila zinakutaka utoe kile kinachohitajika, kwa anayestahili, na uweke kumbukumbu umempa nani, lini, kwa maombi ya kesi namba ngapi. Grupu la mtaani haliko kwenye orodha hiyo. Ukitaka kuwatahadharisha majirani, ongea na polisi watoe wao tangazo, au waambie mbinu iliyotumika bila sura: "wanakuja wawili, mmoja anauliza maswali kaunta mwingine anaenda nyuma". Hiyo inasaidia zaidi na haimuumizi asiyehusika.

Usidharau kuripoti vitu vidogo. Najua unaweza kuona ni kupoteza muda, kopo moja, sabuni mbili, nani ataenda kituoni kwa hilo. Lakini anayeiba kidogo kwako huenda anaiba kidogo kwenye maduka mengine pia, na kama hakuna aliyeripoti basi kwenye kumbukumbu hayupo, anaonekana mtu safi kila anaposhikwa. Taarifa zako zikiwepo, zenye tarehe, picha ya uso na viatu vile vile, mpelelezi anaweza kuziunganisha na kupeleka kesi moja yenye uzito.

Ukishakabidhi kila kitu, weka faili lako la kesi dukani: namba ya taarifa, nakala ya karatasi ya makabidhiano, nakala ya video, maelezo ya wafanyakazi na namba zao za simu za sasa. Piga kuulizia baada ya wiki mbili hivi kwa kutaja namba, na usifute nakala yako mpaka uandikiwe kwamba kesi imeisha pamoja na muda wa rufaa, mashine ikiharibika au ukiuza duka hiyo nakala ihame na wewe. Na kama bidhaa zako zimepatikana na zinashikiliwa kama kielelezo, muulize mpelelezi mapema kama zinaweza kupigwa picha, kuorodheshwa na kurudishwa kwako kabla ya hukumu, baadhi ya nchi utaratibu huo upo hasa kwa vitu vinavyoharibika, ila maombi yanatakiwa yafanywe kwa maandishi na mwenye mali, na ankara zile ulizoweka mwanzoni ndizo zitakazothibitisha kwamba ni zako.